Tagi laonekana kwenye simu, nguvu zake hazionekani

Mkono wa bahari unaoingia hadi Chake Chake ni wa maji machache, na meli kubwa haziufikii mji. Hata hivyo, bei za maduka ya Tibirinzi hupangwa baharini. Mfuko wa saruji, nondo, bati, kiroba cha unga na gunia la mchele vinavyouzwa mtaani hapo hushushwa kwanza Mkoani, kusini mwa kisiwa, au Wete, kaskazini, karibu kilomita 30 kwa kila upande. Wesha iko jirani na mji, lakini ni bandari ndogo inayojulikana zaidi kwa mafuta. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Tibirinzi hununua vitu viwili kwa mkupuo mmoja: bidhaa, na safari ya bidhaa hiyo.

Safari hiyo mara nyingine haifanywi na meli yenye injini yake. Hufanywa na tishari, chombo bapa kisicho na injini, kinachokokotwa na tagi, yaani ile mashua fupi yenye injini kubwa iliyoundwa kwa kazi ya kuvuta na kusukuma. Tishari hubeba mzigo mzito kwa gharama nafuu, nalo hufaa sana kwa kokoto, mchanga, saruji na vyuma. Lakini tishari lenyewe haliendi popote. Uhai wake, na uhai wa mtaji uliopakiwa juu yake, umo mikononi mwa tagi.

Siku hizi tagi linaweza kuonekana kwenye simu ya mkononi. Mfanyabiashara akiuliza "Sheikh, mzigo umefika wapi?" hajibiwi tena kwa kukisia. Anaonyeshwa alama ndogo ikisogea kwenye ramani, yenye jina la chombo, mwendo wake na upande unaoelekea. Haya ni maendeleo makubwa. Tatizo ni kwamba wengi wanaichukulia alama ile kuwa ni dhamana. Alama inaonyesha mahali chombo kilipo. Haionyeshi kama chombo kina uwezo wa kuifanya kazi kiliyopewa.

Habari inavyofika kwenye simu

Inafaa kwanza ieleweke alama hiyo inatoka wapi. Chombo hufungwa mtambo wa utambulisho, unaojulikana duniani kote kwa herufi AIS, ambao hurusha habari kwa mawimbi ya redio ya masafa mafupi. Mtambo wa daraja la kwanza hutaja mahali chombo kilipo kila baada ya sekunde 2 hadi 10 kikiwa safarini, na kila baada ya dakika 3 kikiwa kimetia nanga. Habari za jina, namba, urefu, upana, kina na bandari kiendako hurushwa kila baada ya dakika 6. Vituo vya nchi kavu vinazidaka, kampuni zinazikusanya, na tangu mwaka 2007 tovuti ya MarineTraffic iliyoanzia Ugiriki ikazifungua kwa mtu yeyote.

Ila mawimbi hayo hayavuki upeo wa macho kwa mbali sana. Kituo cha nchi kavu hudaka vyombo vilivyo umbali wa makumi machache tu ya maili. Penye pengo kati ya vituo, kazi huachiwa satelaiti, na habari za satelaiti kwa kawaida ni za kulipia. Matokeo yake ni kwamba katika soko moja kuna wanaoona bure na wanaoona kwa fedha. Anayetazama bure anaweza kuwa anatazama alama ya saa kadhaa zilizopita. Mwenye kulipia anajua mapema kuwa tishari limekwama, akanunua akiba yote ya saruji iliyobaki mjini kabla wenzake hawajapata fununu. Zamani ulanguzi ulikuwa wa sukari na vitenge. Leo habari yenyewe imekuwa bidhaa ya kulanguliwa.

Kasoro ya pili iko kwenye sheria. Kanuni za kimataifa za usalama wa maisha baharini zinataka mtambo huo ufungwe katika meli za tani 300 na kuendelea zinazokwenda nchi za nje, meli za mizigo za tani 500 na kuendelea zisizotoka nje ya nchi, na meli zote za abiria. Tani hizi si za uzito, ni kipimo cha ukubwa wa ndani wa chombo. Matagi mengi ya bandarini yako chini ya tani 500. Maana yake ni kwamba tagi dogo linalokokota tishari kati ya Dar es Salaam na Pemba halibanwi na kanuni hiyo ya kimataifa. Likionekana, ni kwa sharti la mamlaka ya nchi au kwa hiari ya mwenyewe. Lisipoonekana, mtu asikimbilie kusema limezama, wala asijipe moyo kuwa liko salama.

Kuisoma alama

Hata hivyo, kwa anayejua kusoma, alama hiyo ina faida. Kutoka Malindi, Unguja, hadi Mkoani ni takriban maili 60 za baharini. Tagi lisilo na mzigo nyuma linaweza kwenda maili 10 kwa saa, likafika baada ya saa 6. Tagi lenye tishari lililosheheni hutambaa maili 4 au 5 kwa saa, na safari ile ile huchukua saa 12 hadi 15. Kwa hiyo mwenye duka aliyeambiwa "mzigo unakuja", kisha akaona tagi linakata maji kwa maili 10, ana haki ya kuuliza tishari limeachwa wapi.

Vilevile, tagi linaloonekana limesimama nje ya bandari si lazima liwe limeharibika. Pwani ya Pemba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hukaribia mita 4. Chombo kilichokosa maji ya kujaa asubuhi kitasubiri zaidi ya saa 12 kupata mengine. Malori yaliyokodiwa yanaendelea kuhesabiwa siku, wachukuzi wanaendelea kudai, na gharama yote hiyo inaishia kwenye bei ya mfuko mmoja wa saruji Tibirinzi. Mfanyabiashara makini huweka kalenda ya maji kando ya simu.

Yapo pia mambo ambayo mtambo hauyajui mpaka mtu auambie. Bandari ya kwendea, kina cha chombo kilivyokaa majini, na kama tagi linavuta au halivuti, yote hayo huingizwa kwa mkono na mabaharia. Upo hata utambulisho maalumu wa tagi linalovuta mzigo ambao pamoja na amari unazidi mita 200. Nahodha mwenye haraka huacha maelezo ya safari iliyopita. Ndiyo maana mtu anaweza kuona tagi liko Mkoani huku maandishi yakisema linakwenda Mombasa.

Kisichorushwa

Baada ya yote hayo, jambo kubwa kuliko mengine halimo kabisa katika habari zinazorushwa. Nalo ni nguvu ya tagi kuvuta.

Nguvu hiyo hupimwa kwa tani. Tagi hufungwa kwa waya kwenye nguzo imara ya gati, injini zake zikafunguliwa hadi mwisho, na mizani iliyowekwa katikati ya waya ikasoma ni tani ngapi zinavutwa. Matokeo huandikwa kwenye cheti. Mabaharia wana hesabu yao ya haraka: kila nguvu farasi 100 za injini hutoa takriban tani 1 ya kuvuta, au zaidi kidogo kwa matagi ya kisasa yenye propela zinazozunguka pande zote. Lakini hesabu hiyo ni ya tagi zima. Injini ikichoka, propela ikipindika au chini ya chombo pakiota magugu na chaza, cheti cha miaka 10 iliyopita kinakuwa karatasi tu.

Kwa nini jambo hili limhusu muuza nondo wa Tibirinzi? Kwa sababu ya msimu. Mlango wa bahari kati ya Pemba na bara una upana wa takriban kilomita 50 na kina kinachofikia mamia ya mita. Upepo wa kusi unapovuma katikati ya mwaka, mawimbi hujengeka. Siku ya shwari tagi dhaifu hulivuta tishari bila shida yoyote. Siku ya kusi tagi hilo hilo linaweza kusimama mahali pamoja injini zikinguruma, au likarudishwa nyuma na mzigo wake wenyewe. Kwenye simu alama itaonekana vizuri kabisa: jina lipo, bendera ipo, mwendo sifuri.

Mfano mchungu uko katika bahari hii hii ya Hindi. Agosti 31, 2020, nchini Mauritius, tagi Sir Gaëtan Duval lililokuwa linavuta tishari L'Ami Constant katika bahari chafu liligongana na tishari hilo, likazama. Mabaharia walikuwa 8. Waliookolewa ni 4. Wengine walikufa au kupotea. Yalitokea wiki chache tu baada ya meli ya Wakashio kukwama kisiwani humo, wakati macho ya dunia nzima yalikuwa yanatazama maji yale. Kutazamwa hakukuwaokoa mabaharia wale.

Somo la Marekani

Wako watakaosema kuwa kama sheria hailazimishi, mwenye tagi asisumbuliwe. Hoja hiyo ilishapelekwa mahakamani na ikashindwa, na kesi yenyewe ilihusu matagi.

Machi 1928 matagi mawili yalikuwa yanavuta matishari ya makaa ya mawe kutoka Virginia kwenda kaskazini, pwani ya mashariki ya Marekani. Dhoruba iliwakuta karibu na New Jersey na matishari mawili yakazama na mzigo wake. Onyo la hali ya hewa lilikuwa limetangazwa redioni, lakini matagi hayakuwa na redio za kufaa za kulisikia. Wenye matagi walijitetea kuwa hakuna sheria iliyowataka kuwa na redio, na kwamba wenzao wengi katika biashara hiyo hawakuwa nazo. Mwaka 1932 mahakama ya rufaa, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Learned Hand, iliwabebesha lawama. Msingi wake ulikuwa kwamba biashara nzima inaweza kuchelewa kuchukua kifaa kipya chenye manufaa ya wazi, na mazoea hayo ya kuchelewa si kinga.

Hukumu hiyo haiwafungi mahakimu wa Chake Chake. Lakini mantiki yake inasafiri vizuri kuliko matishari yale. Kifaa kipo, si mzigo mkubwa ukilinganisha na thamani ya shehena moja ya saruji, na kinaokoa mali na roho. Mwenye tagi anayekikataa anapaswa kueleza kwa nini. Wakati wa uharamia wa Wasomali, hasa kati ya 2008 na 2012, manahodha walikuwa na sababu ya kuogopa kujitangaza baharini, na kanuni zenyewe zinamruhusu nahodha kuzima mtambo penye hatari ya kweli. Kwa safari ya Malindi hadi Mkoani, sababu hiyo haina nguvu tena.

Pemba inajua gharama

Hakuna haja ya kuwaeleza Wapemba tofauti ya chombo kilivyoandikwa na chombo kilivyo. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba. Uwezo wake ulikuwa kwenye makaratasi: watu 645 pamoja na mabaharia. Tume iliyochunguza ilikuta kuwa waliopanda walizidi 2,000. Miili iliyopatikana ilikuwa 203. Wengi zaidi hawakuonekana tena. Sifa za meli zilijulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kulinganisha karatasi na sitaha kabla kamba hazijafunguliwa.

Tagi na tishari hazibebi mamia ya abiria, na hakuna anayedai kuwa hatari ni sawa. Somo ndilo lile lile kwa sura nyingine. Wakati ule karatasi ilikuwepo na jicho halikuwepo. Leo jicho lipo, liko mfukoni mwa kila mtu, lakini karatasi haionekani.

Zanzibar ina sababu nyingine ya kuwa mwangalifu na majina na bendera. Mwaka 2012 ilibainika kuwa meli 36 za mafuta za Iran zilikuwa zimeandikishwa chini ya bendera ya Tanzania kwa usajili wa Zanzibar, na Serikali ikazifuta. Januari 2018 usajili wa meli za nje ulisimamishwa baada ya vyombo vyenye bendera hiyo kukamatwa na shehena haramu. Jina la chombo hupakwa rangi kwa siku moja, na bendera hubadilishwa kwa hati moja. Namba ya mawasiliano yenye tarakimu 9, ambayo kwa Tanzania huanza na 674 au 677 na kwa Kenya 634, nayo hubadilika bendera ikibadilika.

Isiyobadilika ni namba ya IMO yenye tarakimu 7, ambayo chombo hupewa na kubaki nayo hadi kinapokatwa kuwa chuma chakavu. Namba hiyo ina kinga yake dhidi ya wabunifu. Chukua tarakimu 6 za mwanzo, zidisha ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, ya nne kwa 4, ya tano kwa 3 na ya sita kwa 2, kisha jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla ni lazima iwe sawa na tarakimu ya saba ya namba. Kwa namba 9074729 jumla ni 139, na mwisho wake ni 9, inakubali. Mwenye duka aliyepewa namba isiyokubali hesabu hiyo, bora afunge mkoba wake. Ukaguzi huo hautaki wakili, unataka kalamu tu.

Kinachotakiwa

Dawa ya tatizo hili haihitaji mkutano wa wafadhili. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2009, ndiyo yenye kazi ya kukagua na kusajili vyombo. Shirika la Bandari ndilo lenye magati. Taasisi hizo mbili zikishirikiana, ukurasa mmoja unatosha kwa kila tagi na kila tishari linalohudumia Pemba: namba ya IMO kama linayo, mwaka lilipoundwa, nguvu ya kuvuta na tarehe ilipopimwa, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, na bima inaisha lini. Ukurasa huo ubandikwe kwenye milango ya bandari za Mkoani, Wete na Wesha, na nakala iwekwe Chake Chake mahali ambapo mnunuzi anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Pamoja na hilo, mtambo wa utambulisho uwe sharti kwa kila tagi linalokokota mzigo wa biashara kati ya visiwa na bara, liwe dogo au kubwa.

Wenye matagi watalalamika kuwa wanaanikwa. Mwenye tagi zima hana cha kuficha. Cheti chake ndicho tangazo lake. Anayeumia ni yule anayekodisha kwa bei ya chini tagi lisilo na nguvu, akimshinda mwenzake aliyetumia fedha kulitengeneza lake. Soko huria lisilo na habari sawa huishia kumpa ushindi mwenye chombo kibovu.

Wafanyabiashara nao wasisubiri Serikali. Wanaochanga pamoja kukodi tishari wana nguvu ya kuandika masharti: sehemu ya kwanza ya nauli hailipwi mpaka cheti cha nguvu ya kuvuta kimeonekana, na mtambo hauzimwi njiani bila maelezo. Anayechukua mali kauli, atakayelipa baada ya kuuza, ana sababu zaidi ya kulidai hilo, kwa kuwa deni lake linaanza kuhesabiwa tishari likiwa bado baharini.

Sikukuu ya Idi, watoto hujaa katika uwanja wa kufurahishia watoto Tibirinzi, na kila mwenye duka jirani hutaka rafu zake ziwe zimejaa kabla ya siku hiyo. Mzigo uliochelewa ukafika siku ya tatu baada ya Idi ni hasara sawa na uliozama, ila hauandikwi magazetini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa habari ipo, inamulika kwenye kioo cha simu. Daftari ndilo bado halijafunguliwa.